Kwenye simu inang'aa, kwenye karatasi giza: kurekebisha mwanga wa picha ya familia kabla ya kuisafisha

Malalamiko yanayofika kwenye meza yangu hapa Mbeya ni yale yale, yanabadilisha sauti tu. Baba analeta picha ya kipaimara cha mwanawe kutoka Tukuyu, shangazi analeta ya sendofu kutoka Mafinga, binti analeta ya mahafali ya kidato cha nne, na wote wanaanza hivi: "Fundi, kwenye simu ilikuwa nzuri." Nimeyapanga hapa kwa dalili. Kila dalili inaanza na sababu ninayokutana nayo zaidi, na ukaguzi usiogharimu kitu unatangulia.

Lakini kabla hujagusa chochote, kubaliana nami jambo moja. Picha ya familia ina watu kumi au kumi na watano, na mwanga haujawagawia sawa. Nikiifungua, ninatafuta kwanza uso ulio gizani kuliko zote. Mara nyingi ni wa bibi aliyeketi katikati na kitambaa chake kichwani, au wa mtoto aliyefunikwa na mabega ya wajomba. Huo ndio uso ninaoutengenezea mwanga, wengine wanafuata. Nina sababu. Watu hunijia miaka baadaye, macho yamewavimba, wakiomba nimkate bibi kwenye picha ya pamoja na kumkuza kwa ajili ya msiba, kwa kuwa hawana nyingine. Nikikuza, ninakuta kitambaa kizuri na chini yake doa jeusi lisilo na macho. Siku ile hakuna programu inayoweza kuyarudisha.

Dalili ya 1: Simu inang'aa, karatasi ina giza

Sababu inayoongoza kwa mbali ni kioo cha simu. Kioo kina mwanga wake. Karatasi haina, inarudisha tu ule inaoupata chumbani. Ukihariri picha huku mwanga wa simu umepandishwa hadi mwisho, unaitengenezea kioo, huitengenezei karatasi. Fanya hivi: zima kipengele cha mwanga kujibadilisha chenyewe, zima na ile hali ya usiku inayogeuza kioo kuwa cha njano. Kaa karibu na dirisha, mahali jua lisipokupiga moja kwa moja. Fungua picha nyeupe tupu kwenye simu, weka karatasi nyeupe kando yake, kisha shusha mwanga wa simu mpaka vyeupe hivyo viwili vikaribiane. Sasa fungua picha yako. Wengi hapo ndipo wanapoliona giza lililokuwepo tangu mwanzo.

Sababu ya pili: picha imepigwa ikiwa giza kweli. Thibitisha kwa histogramu, ule mchoro mdogo wenye umbo la mlima. Kushoto ni giza, kulia ni mwanga, na kipimo kinaanzia 0 hadi 255. Mlima ukiwa umerundikana kushoto na kulia kukawa uwanja mtupu, picha inahitaji mwanga.

Hapa nataka tuelewane vizuri, maana ndipo picha nyingi zinapoharibikiwa. Usikimbilie kitelezi cha mwanga, ile alama unayoiburuta kwa kidole kuongeza au kupunguza. Katika programu nyingi kitelezi hicho hunyanyua kila kitu pamoja, hata weusi wa suti na nywele, na picha inakuwa kama imepakwa majivu. Tumia levo (Levels), chombo cha kupanga giza na mwanga. Kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha kwenye kompyuta, levo iko kwenye menyu ya rangi, nayo ina pembetatu tatu chini ya histogramu: nyeusi, ya kijivu katikati, na nyeupe. Vuta ile ya katikati kidogo kuelekea kushoto. Namba yake inaanzia 1.00, picha ya familia iliyopigwa giza kidogo huwa inatosheka kati ya 1.10 na 1.25. Pembetatu hiyo inainua zaidi toni za kati, ambamo nyuso za watu wetu nyingi zimo, huku weusi ukibaki weusi na weupe ukibaki weupe.

Sababu ya tatu inahusu wanaochapa nyumbani au ofisini: printa imeambiwa karatasi isiyo yenyewe. Umeweka karatasi ya picha inayong'aa, lakini mipangilio inasema karatasi ya kawaida. Wino unamwagwa kwa kipimo cha karatasi nyingine. Chagua aina sahihi kabla ya kulaumu picha.

Sababu ya nne inasahaulika: ukuta itakapotundikwa. Picha inayopendeza dukani chini ya taa kali itakuwa na giza sebuleni penye balbu moja. Muulize mteja, au jiulize mwenyewe, itakaa wapi.

Kinachomaliza ubishi ni kipande cha majaribio. Kata sehemu yenye nyuso tu, ukiwemo ule ulio gizani zaidi. Tengeneza nakala nne: 1.00, 1.10, 1.20 na 1.30. Zipange zote kwenye karatasi moja ya inchi 4 kwa 6, andika namba chini ya kila moja, chapa. Iache ikauke walau nusu saa, maana rangi ya wino mbichi hudanganya, kisha ipeleke mpaka ukutani kwenyewe, uitazame mchana na uitazame tena usiku taa ikiwaka. Karatasi ndogo moja inakuokoa na kurudia picha kubwa mara tatu.

Acha na umwone mtaalamu iwapo umefanya haya yote na vipande viwili vya majaribio bado vinapishana kabisa na unachokiona kwenye kioo. Hapo tatizo ni la kioo au la printa kutopimwa rangi, na kuna vifaa maalumu vya kupimia. Kuendelea kubahatisha ni kula karatasi na wino.

Dalili ya 2: Nyuso nyeusi, anga na mabati yanawaka

Hii ndiyo dalili ya nyanda zetu. Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na jua la huku ni kali hata siku ya baridi. Ukienda Tukuyu au Makete unakuta anga jeupe la mawingu na ukungu. Kamera haijui kwamba umekuja kumpiga mama. Inapima mwanga wa eneo zima na kuuvuta kuelekea kijivu cha kati. Anga likijaa fremu, inapunguza mwanga wote, na wanaolipa ni watu waliosimama mbele.

Sababu ya pili ni saa. Katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari, jua la mchana Mbeya linapita karibu kabisa utosini, na kilele chake ni kati ya saa sita na nusu na saa saba. Ndizo saa watu wanazotoka ibadani wakajipanga mbele ya kanisa, na Oktoba ndimo mahafali mengi yanamoangukia. Matokeo yake paji la uso linang'aa na macho yanakuwa mashimo mawili. Kuna na sababu ya tatu: bati jipya au ukuta mweupe nyuma ya watu.

Ukaguzi wa kwanza ni kukuza picha mpaka uso ulio gizani ujae kioo. Unaiona mboni? Unaona mpaka kati ya nywele na paji la uso? Kama unaviona hata kwa shida, taarifa zimo na tunaweza kuzitoa. Kama ni weusi mmoja tambarare, hazimo.

Anza na kitelezi cha vivuli peke yake, si cha mwanga. Snapseed kwenye simu inacho, na programu nyingine nyingi pia. Kipandishe polepole huku ukitazama macho, usitazame anga. Kisha shusha sehemu angavu kidogo ili mabati yatulie. Mara nyingi hizo hatua mbili zinatosha.

Zisipotosha, fanya kazi uso kwa uso. Snapseed ina chombo cha kuchagua sehemu: unaweka nukta kwenye uso, unapunguza duara lake kwa vidole viwili mpaka lienee uso tu, kisha unaongeza mwanga wa hapo. Kwenye GIMP kuna brashi ya kung'arisha. Iweke laini kingoni na nguvu yake iwe ndogo, pitia mara nyingi badala ya mara moja kwa nguvu. Kazi hii ina subira yake, picha ya watu kumi na wanne inaweza kunichukua saa nzima. Ninaifanya bila kuona uchungu.

Jihadhari na mambo mawili. La kwanza ni utepe mweupe unaozuka kuzunguka vichwa, kama taji la mwanga. Ukiuona, umezidisha vivuli, rudi nyuma. La pili ninalisema kwa uzito: kuongeza mwanga si kumbadilisha mtu rangi. Kama baba ni mweusi tii na mama ni maji ya kunde, picha iliyorekebishwa vizuri itawaonyesha hivyo hivyo, kila mmoja na ngozi yake, ila sasa wote wana macho, mikunjo ya tabasamu na kope. Kipimo changu ni weupe wa jicho. Ukianza kuwaka kama bati, nimepita kiasi. Nimewahi kuombwa niwang'arishe watoto wa familia moja wafanane na binamu zao. Nilimwonyesha mama yao kipande cha majaribio chenye ngozi zao halisi zilizopata mwanga wa kutosha, akakaa nacho kimya, kisha akachagua hicho.

Acha kama picha bado inaweza kupigwa upya. Kama familia ipo na nguo zipo, subiri saa kumi na nusu jioni, wahamishie kwenye kivuli cha nyumba au mti, jua liwe pembeni, gusa uso wa bibi kwenye kioo cha simu ili kamera impime yeye, kisha piga. Dakika tano hizo zinashinda saa tatu za kuhariri.

Dalili ya 3: Shela, kanzu au mvi za babu zimekuwa weupe mtupu

Mara nyingi sababu ni wewe mwenyewe ulipokuwa ukitibu dalili ya 1: ulipandisha mwanga wote mpaka weupe ukagonga ukuta. Rudi kwenye picha ya asili uanze tena, ndiyo maana nasisitiza usihifadhi juu ya ile ya asili. Sababu inayofuata ni jua kali lililoangukia nguo nyeupe za komunio.

Tumia kile chombo cha kunyonya rangi kinachokupa namba, gusa sehemu iliyo nyeupe. Kikisoma 240 au pungufu, mikunjo ya nguo bado imo, shusha sehemu angavu itajitokeza. Kikisoma 255 kwenye nyekundu, kijani na bluu zote tatu, hapo hakuna kilichorekodiwa. Ukilazimisha kushusha, utapata kijivu bapa kama nguo iliyolowa matope, na shela la bibi harusi halistahili hilo. Liache jeupe, tunza nyuso. Au muulize mpiga picha wa siku ile kama alipiga kwa faili ghafi (RAW), yaani lile ambalo kamera haijalibana, maana hizo huwa na akiba ya mwanga ambayo faili la kawaida limeshaitupa.

Dalili ya 4: Picha imepauka, kama imeoshwa

Futa lenzi ya simu kwa kitambaa laini. Sifanyi mzaha, alama ya kidole yenye mafuta ndiyo sababu ya kwanza, inatawanya mwanga na kuua weusi wote. Kwa picha iliyokwisha kupigwa, sababu hiyo na ile ya pili, yaani moshi wa mashamba yanayochomwa kiangazi au jua lililoingia moja kwa moja kwenye lenzi, zina dawa moja. Fungua levo, utaona mlima haugusi kushoto wala kulia. Sogeza pembetatu nyeusi mpaka ukingo wa kushoto wa mlima, na nyeupe mpaka ukingo wa kulia, ukiacha upenyo kidogo kila upande. Kontrasti, yaani tofauti kati ya weusi na weupe, inarudi yenyewe, bila kugusa kitelezi chake.

Ukungu wa kweli ni jambo lingine. Familia iliyosimama Makete asubuhi ya Juni, vilima vimefichwa nyuma yao: ukiwapigia kontrasti mpaka ukungu uishe, umewatoa kwao. Ninakaza weusi kwenye nyuso na makoti tu, huko nyuma naacha pumzi yake.

Karatasi nayo inachangia. Isiyong'aa haiwezi kutoa weusi mzito kama inayong'aa, kwa hiyo kwa karatasi hiyo ongeza kontrasti kidogo zaidi ya unavyoona inafaa kwenye kioo, na kipande cha majaribio kiamue.

Kisha kuna picha za zamani zilizoskaniwa, za harusi za wazee wetu. Zimepauka kwa umri na rangi zimeelemea upande mmoja, nyekundu au njano. Levo ya pamoja haitoshi. Ingia kwenye levo ya kila rangi, nyekundu, kijani, bluu, na ukaze kingo za kila moja peke yake. Usishangae nyuso kwenye picha hizo zikiwa na giza kuliko nguo. Kwa miongo mingi kadi ambazo Kodak iliwapa wasafishaji picha ili wapimie rangi zilikuwa na mwanamke mweupe, na ngozi nyeusi haikuwa kipimo cha mtu. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Babu yako hakukosea kusimama.

Dalili ya 5: Nyuso zimekuwa za majivu, au nyekundu kama matofali

Majivu hutokana na kupandisha mwanga bila kurudisha weusi. Sogeza pembetatu nyeusi ndani kidogo, kisha ongeza joto la rangi, yaani umanjano wake, kwa kiasi. Matofali hutokana na kontrasti kubwa: ikipanda, rangi nazo hukolea. Punguza ukolezi wa rangi baada ya kila ongezeko la kontrasti.

Kama kwenye kioo ni sawa na karatasini si sawa, kuna uwezekano mashine inarekebisha juu ya marekebisho yako. Printa nyingi na mashine za studio zina urekebishaji wa moja kwa moja. Zima, au mwambie anayesafisha: "Usiguse rangi, chapa ilivyo." Na kama faili limetoka kwenye kamera kubwa na rangi zinatoka zimefifia, angalia lisiwe la Adobe RGB, mfumo wa rangi mpana zaidi, libadilishe kuwa sRGB, mfumo wa kawaida ambao karibu kila studio inautegemea.

Dalili ya 6: Chembechembe na mabaka kwenye mashavu

Sababu kubwa ni WhatsApp. Picha iliyopitia huko kwa njia ya kawaida imebanwa, na vivuli ndivyo vinavyopoteza zaidi. Ukivipandisha, mabaka ya mraba yanajitokeza. Rudi kwa aliyepiga, umwombe akutumie kama faili, si kama picha, au akuletee kwenye flashi. Angalia na ukubwa: inchi 8 kwa 10 inataka pikseli 2400 kwa 3000, na A4 inataka 2480 kwa 3508, ili itoke safi ukiishika mkononi. Picha yenye pungufu sana chapa ndogo. Kama ndiyo pekee iliyopo, pandisha vivuli nusu ya ulivyokusudia. Uso wenye giza kidogo unatazamika kuliko uso wenye mabaka.

Dalili ya 7: Mistari, au nakala ya pili haifanani na ya kwanza

Hapa usiguse picha, tatizo ni printa. Chapa ukurasa wa kukagua matundu ya wino. Mistari ikikatika, safisha kichwa cha printa, sehemu inayorusha wino, mara moja, kagua tena. Rudia mara mbili au tatu, si zaidi. Kila usafishaji unakunywa wino na kuujaza kwenye spongi ya ndani ya wino taka. Iache printa usiku mmoja ujaribu tena asubuhi. Bado? Mwite fundi. Usifungue kichwa kwa bisibisi, wala usichomeke sindano kwenye matundu.

Dalili ya 8: Picha ya pekee ya zamani imeganda kwenye kioo cha fremu

Usiibandue. Usiipashe moto, usiilowanishe, usipitishe wembe. Tabaka la picha litabaki kwenye kioo na uso utaondoka nalo. Iache ndani ya fremu yake. Futa kioo kwa nje kwa kitambaa kikavu, isimamishe karibu na dirisha mwanga ukitokea pembeni, tundika nguo nyeusi nyuma yako ili usijione kwenye kioo, piga picha kadhaa ukiwa umenyooka nayo sawasawa, kisha anza na dalili ya 4 ukiwa na nakala hiyo. Ile ya asili, kama ina ukungu wa kuvu au inamomonyoka, ifunge kwa karatasi safi kavu pamoja na fremu yake, uipeleke kwa mtu anayetengeneza picha za zamani kabla masika hayajaanza.